Kiatu cha Munganga

Juzi mjukuu wangu alishika sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mikono mitupu. Aliruka, akaiachia, sombe ikamwagika jikoni, naye akabaki akipuliza vidole na kunitazama utadhani mimi ndiye niliyewasha moto. Kwanza nilimcheka, maana mtoto wa siku hizi huungua mara moja akalia mara tatu. Kisha harufu ikanifikia. Si harufu ya sombe. Ilikuwa ile ya ngozi ya mtu iliyopitiwa na moto, harufu ndogo tu isiyokaa, nami nikatafuta kiti. Yule mtoto akasahau vidole vyake, akaja kuniinamia mimi bibi yake. "Tate, uko naumwa?" Nikamjibu kwamba sina kitu, aokote sombe yake. Ningemwambia nini? Jambo lenyewe nimekuwa nalo tangu nina miaka tisa, na mpaka leo sijalielewa.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu aliyenunua pamba hapo mjini Baraka, kando ya ziwa. Ninyi wa rika langu mnawakumbuka wapishi wa wakati wa Wabelgiji: kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, harufu ya vitunguu, na maringo. Baba alikuwa navyo vyote vitatu, ila maringo yake yalikaa mikononi. Sufuria inayochemka aliinua bila kitambaa. Makaa aliyageuza kwa vidole. Wanawake wa jirani wakija kuomba moto, yeye ndiye aliyewachagulia kaa zuri na kuwawekea kwenye kigae, kwa mkono, polepole, huku akiwauliza habari za watoto wao. Mtaa mzima ulisema mikono ya mpishi huyu imeshazoea. Mimi nilivimba kichwa. Wenzangu walikuwa na baba wavuvi na baba wakulima, mimi nilikuwa na baba ambaye moto wenyewe ulimheshimu.

Kwa Mzungu huyo baba alijifunza pia pokeri. Jumamosi Wazungu wachache walikusanyika hapo, wakacheza karata, na baba akawapelekea kahawa na kusimama nyuma yao na sinia. Alisimama namna hiyo miaka, na hakuna aliyemuuliza kama ana macho. Karata zao zilipochakaa zikatupwa, akaziokota akazileta nyumbani. Mbili zilikuwa zimepotea. Fundi Sadiki, mshonaji wa nguo aliyekuwa jirani yetu, mtu wa msikitini, alikata mbili nyingine kwenye kadi ya boksi, akazichora wino. Sura zilifanana kidogo, lakini mgongoni zilikuwa za kahawia wakati nyingine zote ni za buluu, kwa hiyo kila mtu aliziona zinakokwenda. Tulikubaliana kwamba karata hizo mbili hazina siri na mwenye kuzipata avumilie.

Waliocheza barazani kwetu Jumapili alasiri walikuwa baba, Fundi Sadiki, mjomba wangu Wilondja, na jirani mmoja ambaye baadaye alihamia Albertville kutafuta kazi. Jirani alipoondoka baba alisema pokeri ya watu watatu haina utamu, akaniita mimi nikae mahali pake. Mama alikataa. Mtoto wa kike na karata, watu watasema nini? Baba akasema watu waseme, huyu mtoto ana macho. Mjomba Wilondja, ndugu wa mama, alifundisha katekisimu kwenye kanisa la Waprotestanti, na kanisa lake lilikataza karata. Lakini alikuwa ameshatafuta njia. Tulicheza kwa maharage, na yeye alisema mchezo usio na pesa ni hesabu tu, na hesabu hazikukatazwa. Hivyo nikaingia kwenye hesabu.

Adhabu ndiyo iliyoleta utamu. Aliyeishiwa maharage alikwenda ziwani kuchota maji, mtungi kichwani, mchana kweupe, mwanamume mzima mbele ya wanawake waliokuwa wakifua. Watoto walimfuata wakiimba. Fundi Sadiki siku moja alifika mlangoni kanzu yote imelowa na mtungi una maji ya kunawa uso tu. Mama alijifanya anaukasirikia mchezo, lakini Jumapili asubuhi alikuwa akimwaga mitungi yote ikae tupu.

Kwa ambao hawajui, pokeri ni hivi. Kila mmoja hupewa karata tano na kuzificha. Mwenye kujiamini husukuma maharage katikati, na wengine ama wasukume sawasawa naye ama watupe karata zao. Kwa hiyo mwenye karata mbovu anaweza kuwashinda wenye wafalme, ikiwa wenye wafalme wataogopa. Baba aliita hiyo kutisha. Na kama mtu anaweza kutisha, basi kazi yote ni kujua nani anatisha na nani anayo kweli. Kabla sijagusa karata, baba aliniambia: "Usiangalie karata. Kila muntu iko na kintu anafanyaka mwenyewe hajue. Tafuta kile."

Nilitafuta. Fundi Sadiki, mtu mtulivu kuliko wote, akipata karata nzuri mguu wake wa kulia ulianza kukanyaga taratibu chini ya meza kana kwamba cherehani iko pale. Akitisha, alichuma nyuzi kwenye mkono wa kanzu, nyuzi ambazo hazikuwepo. Mjomba Wilondja alikuwa rahisi zaidi. Akiwa na kitu kizuri alijaa upendo wa ghafla, akamuuliza kila mtu habari za afya na za shamba. Akitisha alimeza mate, na koo lake lilikuwa refu, kwa hiyo ulilitazama lile fundo likipanda na kushuka ukasukuma maharage yako bila wasiwasi. Mimi mwenyewe niliambiwa pua yangu inasema, nikawa nacheza nimeifunika kwa karata, na hiyo nayo ikawa inasema.

Baba hakuwa na kitu. Nilimtafuta wiki baada ya wiki. Alishika karata kwa mkono mmoja na sigara kwa mkono wa pili, akatutazama, na uso wake ulikuwa mkavu. Ila ile sigara. Siku mjomba na yeye walipobaki wawili na rundo la maharage likawa kubwa, sigara ya baba iliendelea kuungua, ikafika kwenye vidole, ikaingia kwenye ngozi. Sote tulisikia harufu. Baba hakuitupa wala hakuiangalia. Alikuwa akimtazama mjomba tu. Mjomba akameza mate, akasema mtu anayejisahau hivyo lazima ana wafalme wote wanne, akatupa karata zake. Baba akafunua. Alikuwa na vipande vitano visivyojuana. Ndipo akaitazama sigara, akaitoa taratibu, na kwenye kidole kilibaki kidonda cheupe chenye unyevu.

Mjomba alisema huyu si mtu. Fundi Sadiki alisema, "Alhamdulillahi, sisi benyewe tuko na ngozi," akacheka peke yake. Mama alikuwa akichambua mchele mlangoni. Alinyanyuka, akaja akachukua mkono wa baba, akaufunga kitambaa akikikaza, akaingia ndani. Nilijiuliza kwa nini amekasirika wakati tumeshinda.

Mambo ya mama sikuyaelewa kabisa mwaka ule. Alimshonea baba suruali ndefu ya kuvaa nyumbani, yeye mwenye kaptula. Alimkataza kuvua shati barazani hata kwenye joto la kabla ya mvua. Asubuhi alimpaka mawese mgongoni chumbani, mlango umefungwa, na siku niliyosukuma mlango niliona baka pana chini ya bega, la rangi ya udongo uliokauka. Mama alinifukuza. Baadaye aliniambia baba aliungua jikoni. Niliamini, kwani nani mwingine angeungua mgongoni asiseme?

Nikaamua kuwa kama yeye. Nilijifunza. Nilishika kiazi kilichotoka majivuni nikihesabu mpaka kumi. Nilijichoma mwiba kwenye paja uso wangu nikiuangalia ndani ya beseni la maji, nione kama pua inasema. Nilidhani baba anajua, maana yeye naye alianza kunifundisha. Jioni baada ya chakula aliniita, akashika mikono yangu, akafinya ncha ya kila kidole, kisha sikio, kisha mguu. Nikilia "ai!" alicheka na kuniachia. Nilijiona nashindwa kila jioni. Basi jioni moja nilijikaza. Alifinya kidole gumba, sikusema. Alifinya kidole cha shahada, nikamtazama tu, uso mkavu, kama alivyonitazama yeye mara nyingi mezani. Nilingojea anisifu.

Uso wa baba ulibadilika. Ndiyo mara pekee niliyouona ukibadilika, na sikujua niusome namna gani. Alifinya tena, kwa nguvu, kwa kucha, mpaka damu ikaja, nami nikapiga kelele kweli. Hapo akanikumbatia kifuani, akaniweka pale muda mrefu, moyo wake ukipiga kwenye sikio langu. Nilifurahi na kuchanganyikiwa kwa pamoja. Nilikuwa nimeshindwa, na baba alinishukuru.

Haikupita mwezi, kapita wa chifu, yule msimamizi wake, akapita mtaani akipiga kengele. Waganga wa serikali wanakuja. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, wajipange mbele ya ghala la pamba, wanaume wavue mashati. Wengi wenu mlipanga mistari hiyo. Walitafuta malale, walitafuta ukoma, na mwenye ukoma alipandishwa lori kwenda kambini, mbali huko ndani, asionekane tena. Mimi nilijua hayo kama nilivyojua habari za mamba: yapo, lakini si kwetu.

Usiku ule wazazi waliongea kwa sauti ya chini nami nilikuwa sijalala. Mama alitaka baba apande mlimani mpaka Bibokoboko, kwa rafiki yake mfuga ng'ombe, akae huko mpaka lori liondoke. Baba alikataa. Mpishi asipoonekana kwenye mstari, Mzungu atauliza, na akiuliza mara moja tu kazi imekwisha na polisi watafuata. Mama akamuuliza basi atafanya nini. Baba alijibu kwamba munganga naye ni mtu, na kila mtu ana kitu anachofanya mwenyewe hajui. Nililala nikitabasamu. Nilichosikia mimi ni kwamba kesho kuna mchezo.

Asubuhi mama alinifunga kitambaa kichwani, akanishika mabega. "Leo we unyamaze. Ata bakikuuliza kintu, unyamaze." Nilimwitikia. Nilidhani ameanza kuipenda pokeri na ananifundisha la kwanza kabisa linalofundishwa kila mchezaji.

Munganga alikuwa kijana Mwafrika, mtu wa kutoka upande wa Kindu, safi, mwenye upole. Alikuwa na meza, daftari, unyoya wa kuku, sindano, na kitambaa cheusi. Na viatu vipya. Tulisimama mstarini muda mrefu sana, jua likatupanda, na baba hakutikisika. Alikuwa akimtazama tu. Nami nikamtazama anachokitazama, kama nilivyozoea. Aliyeonekana na baka aliketishwa kwenye kiti, akafungwa macho, akaambiwa kila akiguswa aseme ndiyo. Munganga aliinama akagusa kwa unyoya au kwa sindano. Na kila alipoinama, kiatu chake cha kulia kililia. Kidogo tu, nyii, kama mlango wa kabati. Mtu aliyefika pale na hofu yake asingekisikia. Baba alikisikia. Nilijua hivyo kwa sababu mimi nilikisikia, na macho yangu alinifunza yeye.

Zamu yake ikafika. Alivua shati. Munganga akazunguka mgongoni, akalitazama baka, akaacha kuongea. Alimketisha, akamfunga kitambaa. Nyii. "Ndiyo," akasema baba. Akangoja. Nyii. "Ndiyo." Safari nyingine alichelewa kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha akasema ndiyo, na mimi nikataka kupiga makofi kwa ustadi ule. Mara saba, mara nane. Hakukosa hata moja. Mjomba Wilondja alisimama nyuma yangu na watoto wake. Niligeuka kumtazama, fundo la kooni lilikuwa likipanda na kushuka. Mbele kidogo Fundi Sadiki alikuwa akichuma nyuzi. Nilishangaa kwa nini hawa wanatisha wakati anayecheza ni baba. Nilimtazama mama. Mama hakuwahi kucheza nasi, kwa hiyo sikujua alama zake. Alikuwa ameangalia chini, vidole vya miguu vimekunjwa vikishika mchanga.

Munganga akamfungua baba kitambaa. Alionekana mwenye kuridhika. Akamwambia baba hilo baka pengine ni la moto, ajitunze, akarudi mezani kwenye daftari lake. Baba alikuwa ameshika shati lake. Tulikuwa tumeshinda. Furaha ilinijaa mpaka ikanitoka. Nilivuta shati la mjomba, na kwa sauti niliyodhani ni ya chini nikamwambia: "Mjomba, baba hasikie sindano. Baba iko nasikia kiatu."

Mdomo uliponza kichwa, husema watu, lakini kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu.

Munganga hakuandika. Aliweka kalamu, akatazama miguu yake. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga chini ya meza kisigino kwa kisigino. Soksi moja ilikuwa na tundu na kidole kilichungulia. Mtoto mmoja alicheka. Hakucheka mwingine. Munganga akamwambia baba, kwa heshima, akae tena kidogo. Baba akalitandika shati lake magotini, akakaa, akainua uso afungwe.

Nilimwona munganga akija nyuma yake bila sauti kwenye mchanga. Sindano iligusa mgongo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na mdomoni alikuwa na kile kitabasamu cha kusubiri wengine wasukume maharage. Sindano iliingia. Ilisimama yenyewe ndani ya ngozi, mkono umeiachia, na tone la damu likatoka pembeni yake. Baba alisubiri. Sindano nyingine mkononi, kwenye kile kidole cha kovu. Alisubiri. Pakawa kimya mpaka nikasikia mawimbi ziwani. Munganga akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono, akasimama tu, hamgusi mtu. Hapo ndipo baba akasema, "Ndiyo."

Mama akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena.

Nilimuuliza mjomba kama baba amekosa. Alisema ndiyo. Nikamuuliza kama basi atachota maji. Alinichukua mkono, na fundo likapanda na kushuka, akasema, "Ndiyo, mama. Ataenda kuchota." Nilijua ananidanganya, maana nilikuwa hodari wa koo lile. Ila sikujua ananidanganya kuhusu nini, na hakukuwa na karata za kumfunua. Jioni ile nilikaa njia ya ziwani na mtungi nikimsubiri, mpaka mama alipokuja kunichukua. Hakunipiga. Alibeba mtungi mwenyewe ukiwa mtupu.

Kesho yake lori liliondoka na wagonjwa sita. Baba alisimama nyuma, shati lake limefungwa vifungo vyote, na niliponyoosha mkono nimguse alirudi nyuma kana kwamba mimi ndiye moto. Aliwaambia wote kwaheri kwa majina. Mzungu wa pamba alivunjisha sahani zake zote zikafukiwa nyuma ya nyumba, akatafuta mpishi mwingine. Mkeka wa baba na karata mama alichoma. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Walikwenda mbali zaidi kwa watu wasiowajua vizuri. Sisi tulichunguzwa mara tatu, mimi na mama, na mara zote tulisikia sindano.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyenigombeza. Nilingoja. Mtoto aliyevunja sahani hupigwa, akalia, ikaisha. Mimi nilivunja nyumba na nikapewa chakula kama kawaida. Nilianza kuwasoma watu kutwa nzima, mama, mjomba, Fundi Sadiki, nikitafuta mahali walipoficha hasira yao, na nikakuta huzuni, na hiyo sikujua inachezwa vipi. Wakati mwingine nilifikiri labda hawakusikia nilichosema. Wakati mwingine nilifikiri sikusema, nilifikiria tu. Niliikosa haki yangu ya kupigwa, na nilikuwa na hasira na mama kwa hilo, hasira ya kweli, mpaka nikaolewa.

Baba alirudi baada ya miaka minane. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kwenda zao. Huko kambini zilifika dawa za vidonge, zikamponya, akapewa karatasi yenye muhuri kwamba hana hatari kwa mtu yeyote. Karatasi hiyo alimwonyesha kila aliyemsalimu kabla hajamjibu salamu. Vidole vya mikono vilikuwa vimebaki vifupi. Uso ulikuwa umekaza upande wote, mashavu hayainuki, na macho hayakuweza tena kufunga vizuri, kwa hiyo yalitoka maji mchana na jioni, akiongea habari za mvua au akila samaki wa ndagala. Alitembea na kitambaa mfukoni kwa ajili hiyo. Mama alimpokea kana kwamba ametoka sokoni. Alimkalisha, akampa maji ya kunawa, akakaa karibu naye, na usiku alilala kwenye mkeka mmoja naye bila kuuliza karatasi.

Mimi nilikuja siku ya tatu na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Tulikaa barazani, mama akaingia ndani kutafuta chakula, akachukua na mtoto. Baba aliniuliza habari za mume wangu, za muhogo, za mjomba na magonjwa yake. Nikajibu yote.

"Baba," nikasema, "ile siku, mi njo nilisema. Ya kiatu."

"Najua," akasema. "Nilikusikia."

Nilichanganyikiwa. Kama alinisikia, basi alipoketi mara ya pili alijua kwamba viatu havipo. Alijua mgongo wake uko wazi na hana karata hata moja. Sasa alikuwa akisubiri nini pale, na lile ndiyo la mwisho lilikuwa la nini? Nilimuuliza kwa nini hakuondoka, kwa nini hakukimbia.

Alinitazama, au niseme uso wake uligeukia kwangu.

"Nilikuwa nachoka, mama," akasema. "Kama haungesema we, siku ingine ningesema mi mwenyewe. Usibebe ile kintu. Haiko yako."

Huenda ilikuwa kweli. Huenda mtu anayejua asichokisikia, anayekula na watoto wake sahani moja, hufika akachoka na kutaka aonwe. Na huenda ni baba tu, anamfariji binti yake, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya, na ningeweza kuishi vizuri na lolote kati ya hayo mawili lau ningejua ni lipi. Nilimsogelea. Nilimtazama kwa kila nilichofundishwa: koo, pua, mikono, mguu chini ya kiti. Nilitazama mashavu yasiyoinuka na mdomo usiokunjika. Macho yake yalikuwa yakitoka maji. Nikachukua kitambaa mfukoni mwake nikamfuta, yakatoka tena, nikamfuta tena, na sikuweza kujua kama analia.